Ets Atupele

Ku kilio cha Prefe, aliyekuwa mkubwa wa shule yetu, watu walicheka. Hapana vibaya. Kwetu Nyabiondo, wakati machozi yamekauka kidogo na chungu ya maharagi imeanza kutoa harufu, lazima mtu aseme kitu juu ya marehemu ambacho kitalegeza mabega ya wengine. Sasa papa mmoja, mzee wa kijiji, akasema, "Munakumbuka Prefe alivyomufungulia mwalimu boutique ya chumvi?" Wakacheka mpaka mjane mwenyewe akafunika kinywa na kitenge. Mimi nilikuwa nyuma nikigawa chai. Sikucheka na sikusema kitu, maana mimi ni mtu wa kusikiliza, na hata kukiwa watatu tu nasubiri wengine wamalize. Lakini waliisema vibaya. Walisema ile boutique ilikuwa ya Prefe, na yule mwalimu alifukuzwa. Nilirudi nyumbani nikiwa na lile neno, alifukuzwa, linanikwaruza kama jani la mahindi shingoni, na ndiyo sababu naandika. Nina miaka kumi na tisa. Mwaka ule nilikuwa na kumi na tano, darasa la tatu la humanité, yaani sekondari. Si zamani, ninajua. Lakini nikiutazama, nauona kama mlima wa ng'ambo asubuhi, ukungu umeukata katikati na kichwa chake kinaelea peke yake, mtu hawezi kusema unashikilia wapi.

Mwalimu wetu wa Kingereza alikuwa ameshuka Walikale kuchimba madini, kama walimu wengi walivyoshuka, na muda mrefu ile saa ya Kingereza ilikuwa saa ya kufagia uwanja wa shule. Halafu Prefe akaleta mtu kwa njia ya watu wa kanisa. Mwanamke, Mtanzania, wa upande wa Tukuyu, anaitwa Atupele, sisi tulimwita Madamu. Aliahidi mwaka mmoja wa shule. Aliwekwa kwetu kwa sababu tulikuwa na chumba kinachotazama barabara, kile ambacho Mama aliwekamo mbegu, na hata baada ya kusukumia mifuko yote jikoni kilibaki kinanuka maharagi makavu na majivu. Kitanda cha mianzi, meza ambayo mguu wake mmoja ulisimama juu ya jiwe, na kadirisha kadogo ka mbao. Siku ya kwanza alisimama pale dirishani mvua ikinyesha, milima inaingia na kutoka ndani ya wingu, akasema polepole kama anayeongea na mtu mwingine, "Hata kwetu mvua iko hivi hivi. Migomba iko hivi hivi. Nikifumba macho sijasafiri."

Kiswahili chake kilitufurahisha. Kwetu Kiswahili namna ile ni cha Biblia na cha redio. Alisema "tafadhali," alisema "samahani" hata kwa mbuzi aliyemzuia njia. Alipoomba maji, Mama aliinamisha kichwa, akangoja. "Mama, naomba maji ya kunywa," Madamu akarudia. "Kumbe njo maji," Mama akasema, njo yetu ikiwa ndiyo ya kwao. "Mimi nilizani unaanza sala. Hapa sema tu, unipe." Usiku wetu ulianza mapema, na kabla taa haijazimwa nilikaa kwenye kizingiti cha chumba chake nikiandika mambo yangu, na yeye akiandaa somo kwa sauti, akimwambia ukuta Kingereza. Sikuelewa yote. Ilikuwa kama kusikia mto kutoka nyumba ya mbali, unajua ni maji na inatosha. Darasani niliandika Kingereza kizuri kuliko wengi, na kinywani sikuwa nacho hata kidogo. Akiniita, nilisimama, nikatazama viatu vyangu, nikakaa. Hakunikasirikia. Alisema, "Mapendo, sauti yako iko safarini, itafika." Nilimpenda kwa lile neno. Niseme tu kweli, hakuna mtu mwingine ambaye nilikuwa nikimfikiria nikiwa shambani.

Mambo ya viza yalianzia kwenye redio. Kule mpakani, siku alipoingia, walimwambia kwamba watu wa Jumuiya yetu ya Mashariki hawahitaji viza, wakampigia tampon, ule muhuri wao, akapita. Sasa redio ikasema kuna masharti mapya: mgeni anayetembelea ana viza yake, mgeni anayefanya kazi ana yake, na mwenye kukutwa bila yake anarudishwa mpakani. Prefe alikwenda ofisi ya kwanza, wakamtuma ya pili. Ya pili wakasema masharti hayo bado hayajafika kwao, aende Goma. Goma wakasema mtu wa Masisi anaulizwa Masisi. Alirudi nyuma ya pikipiki, suruali imeganda matope mpaka magotini, akakaa kwetu akinywa maziwa ya Kirolirwe. Mwisho akatoa simu. Alikuwa amepiga picha ya tangazo lililoandikwa kwa kalamu na kubandikwa mlangoni. Papa, baba yangu, akasogeza simu mbali na macho, kama anavyofanya na Biblia, akasoma herufi moja moja.

"Visa d'éts."

"Njo vile wameandika," Prefe akasema. "Kwa mugeni mwenye kutumika. Visa d'éts."

Kwetu hakuna mtoto asiyejua éts. Ni neno la kwanza tunalosoma kabla ya shule. Iko juu ya kila duka kutoka Masisi mpaka Sake, kwa rangi nyekundu ao bluu: Ets Maombi, Ets Neema ya Mungu, Ets Baba na Wana. Établissement, kwa kirefu, lakini nani anasema kwa kirefu. Éts ni boutique, ni duka.

"Sasa mwalimu na boutique iko wapi na wapi?" Mama akauliza.

"Nilifikiri kama wewe," Prefe akajibu. "Nikawaambia, shule nayo ni établissement, établissement scolaire. Yule mutu ya ofisi akaniuliza, shule iko yake? Nikasema hapana, iko ya kanisa. Akasema, basi, ile établissement haimuhusu."

Papa akahesabu kitu kichwani, kama anavyohesabu mistari ya shamba. "Kama serikali inataka akuwe na éts," akasema, "tumupatie éts. Dirisha iko. Barabara iko."

Madamu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akitafuta nani anatania, na hakumwona. "Jamani," akasema, "mimi sijawahi kuuza hata nyanya." Papa akamwambia asiwe na wasiwasi, viza haiulizi kama muntu anajua kuuza.

Ndivyo ilivyozaliwa ile boutique. Hawakuwa wajinga, na hilo ndilo linaniuma wakicheka. Prefe alikuwa na vitabu vya Kifaransa mpaka juu ya dari yake. Lakini neno likikaa juu ya mabati miaka yote, linakuwa la pale, huwezi kuliona mahali pengine. Papa alipanua dirisha, akatia ubao wa kuwekea vitu. Kaka mmoja mwenye pikipiki akatuletea mafuta ya mawese kutoka Walikale, mekundu, mazito, Mama akayapima kwa chupa ndogo. Chumvi, sabuni, kiberiti, biskuti. Prefe mwenyewe alipanda juu ya kiti akaandika kwa rangi ya bluu iliyobaki kwenye milango ya shule: ETS ATUPELE. Madamu alicheka mpaka akakaa chini, halafu akalia kidogo, halafu akasema jina lake halijawahi kuwa kubwa hivi. Na kwa kuwa yeye alifundisha mchana wote, mimi nilipotoka shule niliketi pale ndani, kwenye kitanda chake, miguu juu ya mfuko wa chumvi, nikiuza.

Ninapokumbuka zile jioni ninaziona bila mwanzo wala mwisho. Dirisha lilikuwa dogo, mnunuzi aliona mikono yangu tu, na mimi niliona mikono yake: ya udongo, ya masizi, mikono ya wachunga ng'ombe inanuka moshi na maziwa. Mikono iliniuliza na mimi niliijibu. "Dada, unipe chumvi." "Hii." Haikuwa mazungumzo makubwa, lakini nyuma ya ule ubao sauti yangu ilitoka bila kutetemeka, na hata mimi niliisikia kama ya mtu aliyepanga chumba ndani yangu. Ukungu ulishuka kutoka juu ya malisho, ukaingia dirishani kabisa, kiberiti kikakataa kuwaka. Nyuma yangu Madamu alisahihisha kazi zetu, ananong'ona. Nilifikiri, karatasi zote duniani sasa ziko sawa, na atakaa.

Ajan, mtu wa serikali wa mambo ya viza, alifika siku ya mvua. Nilikuwa peke yangu. Niliona mikono iliyo safi, saa ya mkononi, shati lililolowa linang'ang'ania kifundo cha mkono. Aliomba biskuti. Akatafuna, akarudi nyuma hatua kidogo kusoma pale juu.

"Atupele njo nani?"

"Njo Madamu wetu."

"Madamu ya wapi?"

"Ya Tanzania," nikasema, na nilisema vizuri, kwa ile sauti yangu mpya, nikidhani ninamsaidia.

Mama alimwingiza ndani, akamkaushia koti karibu na moto, akamwekea bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo na kipande cha jibini, maana hata mtu anayekuja kukuharibia siku hawezi kuongea na tumbo wazi. Papa alitoka shambani. Prefe na Madamu walitoka shule, bado Madamu ana vumbi la chaki kwenye mkono wa sweta. Mimi nilijibanza nyuma ya pazia ya chumba. Ajan alikula yote, akanawa, akashukuru. Halafu akasema bila ukali kwamba biashara ndogo ni ya wenyeji peke yao. Mgeni haruhusiwi kuuza chumvi. Iko katika sheria, hata ile ya zamani. "Ile kitu munaandika pale juu, ingetosha nimupeleke ku mupaka kesho."

Mvua ilipiga mabati. Papa akasema, "Lakini tuliifungua juu ya viza."

"Viza gani?"

"Visa d'éts."

Ajan alimtazama. Akamtazama Prefe. Nikaona kwenye kipenyo cha pazia mdomo wake unaanza kutetemeka, akajaribu kuuzuia, haikuwezekana. Alicheka mpaka akaomba maji. "Papa," akasema akijifuta macho, "ile établissement si boutique. Iko kusema kuikala. Muntu anakuja anaikala mu inchi."

"Kuikala?" Papa akasema. "Lakini anaikala. Analala pale." Na akaonyesha pazia, ambayo nyuma yake nilikuwa mimi.

Prefe alitazama chini. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi, na nilitamani asiwepo mtu wa kumwona. Ajan akaeleza, sasa kwa upole zaidi: kwa ile viza ya kukaa na kufanya kazi, lazima mkataba upite Kinshasa, urudi na sahihi. Prefe akauliza ingechukua muda gani. Ajan akapandisha mabega. Hata yeye, akasema, wanamletea masharti, kabla hajamaliza kuyasoma wanamletea mengine. Hangeweza kuandika kwamba hakumwona. Jina liko juu ya nyumba, kwa bluu. Basi akatoa kalamu, akamgeukia Madamu. "Niambie tu ninaandika nini. Wewe huku uko nani? Unafanya kazi gani?"

Madamu alifungua kinywa. Ninajua angesema mwalimu, kwa sababu hakujua kusema uongo kwa lugha yoyote, na lile neno lingeandikwa, na kesho yake kitanda kingekuwa kitupu. Nilitoka nyuma ya pazia. Sikuamua. Miguu ilitoka, mimi nikaifuata.

"Iko mugeni yetu," nikasema.

"Mugeni najua," ajan akasema. "Nauliza mugeni wa kazi gani?"

"Mugeni hana kazi. Ata sahani Mama hamuachilie aoshe."

Na ilikuwa kweli. Tangu afike walikuwa wakigombana juu ya zile sahani, Madamu anasema yeye si mgeni tena, Mama anazinyakua: mugeni ni mugeni. Mama akadakia hapo hapo. "Ata siku moja. Aibu ingekuwa yangu mimi."

"Na boutique?"

"Mwenye kuuza iko mimi," nikasema. "Wewe mwenyewe nilikuuzishia biskuti."

Ajan alinitazama muda mrefu, akatazama mikono yangu, nadhani ndiyo aliyoijua. Kalamu ikagonga goti. Kwetu neno ni moja, yule anayetoka nchi nyingine na yule anayepikiwa, wote ni mugeni, na nilimwona anaenda mpaka mwisho wa lile neno na kurudi. Akaandika: kutembelea. Viza ya matembezi, ya kuongezwa kila inapoisha. "Lakini munisikie. Mugeni hafundishe. Nikimukuta mbele ya ubao wa shule, haitakuwa tena mambo ya bukari." Akavaa koti lake, bado limelowa, akaondoka. Papa alipanda juu ya kiti siku ile ile akafuta ATUPELE kwa majivu na maji. Halikufutika lote.

Madamu alilia, safari hii si kidogo. Alisema ameokolewa kitanda na amenyang'anywa ubao, sasa anakaa kwa nini? Wenzangu wa darasa la mwisho walikuwa na mtihani wa serikali mbele yao. Prefe akakaa karibu naye, hakuwa mtu wa maneno mengi, akasema kitu ambacho ku kilio hakuna aliyekikumbuka. "Madamu, hakuna sheria inakataza kutembelea mugeni."

Kuanzia wiki ile shule yetu ikawa na adabu kubwa. Darasa zima lilikwenda kumtembelea mugeni wa Mapendo. Na mtu haendi kwa mugeni mikono mitupu, kwa hiyo waliingia na kuni, mihogo, yai limefungwa ndani ya jani. Walikaa kitandani, sakafuni, wengine nje chini ya dirisha. Ubao hakuna, chaki hakuna. Madamu hakuthubutu hata kushika kalamu mbele yao. Kulikuwa kuongea tu. Aliwauliza habari za nyumbani kwa Kingereza, nao walijibu, wakikosea, wakicheka, wakitaniana. "Wewe unaongea Kingereza kama muntu anatafuna mfupa." "Wewe unakitafuna na hauna meno." Na mimi nikaona mtego ulioniangukia. Mimi nilikuwa mtoto wa nyumba. Mtoto wa nyumba anakaribisha. Kila aliyeingia nilipaswa kumtaja kwa mugeni, jina lake, kijiji chake, amekuja na nini, na nyumba ile wakati ule ilikuwa na lugha moja, Kingereza. Darasani ningetazama viatu. Nyumbani kwetu, huwezi kuacha mtu amesimama mlangoni na kuni kichwani eti una haya.

Nilimtaja wa kwanza. Nadhani sentensi ilikuwa mbovu. Msichana yule, wa Burungu, aliinamisha kichwa akaingia akakaa, kana kwamba nimemfungulia mlango wa kweli. Baada yake wa pili.

Ajan alirudi wakati wa kuongeza viza. Alikuta watu wamejaa mpaka barabarani, na ndani sauti zinarudia kwa pamoja. Zikanyamaza. Akauliza kuna nini. Papa akasema, "Wanatembelea mugeni." Ajan akatazama kuta zetu zote, moja moja, akitafuta ubao. Akakaa juu ya mfuko wa chumvi, akasema waendelee na matembezi yao. Nilimkaribisha kwa Kingereza kama wengine wote, jina na kijiji, na kwa kuwa sikujua kijiji chake niliuliza. Alijibu polepole, akisugua goti, kwa Kingereza cha mtu aliyekiacha shuleni miaka mingi. Akapiga tampon yake akaenda.

Madamu alibaki mpaka shule ilipofungwa. Hakuna aliyemfukuza, nataka hiyo iandikwe mahali. Asubuhi ya kuondoka barabara ilikuwa wazi, na ukungu ulikuwa mweupe hata migomba ilionekana kama watu wamejifunika shuka. Tulimsindikiza, darasa zima, kila mtu amebeba kitu chake kimoja, hata ndoo tupu, mpaka pikipiki ilipomfikia. Alinishika mashavu mawili. Aliniambia mambo ambayo sitaandika. Halafu ukungu ukamchukua yeye na pikipiki, na tuliendelea kusikia mlio muda mrefu bila kuona kitu.

Ule mwaka, kwenye bulletin zetu, karatasi za alama za mwaka, pale mwalimu wa Kingereza anapotia sahihi, hakuna sahihi. Prefe aliacha wazi. Angeweza kutia yake, hakutaka. Shule ilipofunguliwa tena akaja mwalimu mpya, mwanaume wa Masisi, mwenye shati jeupe, akapekua zile bulletin, akatuuliza mwaka uliopita nani alitufundisha Kingereza. Tulikuwa tumekubaliana. Darasa lote likasema hakuna. Akauliza swali lingine kwa Kingereza, na watu wakamjibu, mmoja hapa, mmoja pale, wepesi, wanasahihishana. Akaweka zile bulletin mezani.

"Hakuna? Na hii munaongea, mumeitolea wapi?"

Nikasimama. Nikamwambia kwa Kingereza kwamba kwetu kulikuwa mugeni, lile neno moja nikaliacha kwa Kiswahili. Akanirekebisha, si kwa ubaya. Akasema Kingereza kina maneno mawili pale, moja ni la mtu aliyetoka nchi nyingine, lingine ni la mtu aliyekaribishwa nyumbani, hayachanganywi, nichague moja. Nikalisema lile la pili, kwa sauti ambayo hata waliokaa nyuma walisikia, nikakaa.